Kupima Saa ya Mwili wa Nzi wa Matunda: Mwongozo Kamili kwa Maabara Ndogo

Nzi wa matunda anayeitwa kitaalamu Drosophila melanogaster ana urefu wa milimita tatu hivi, na ubongo wake una nyuroni, yaani seli za neva, zisizofika 140,000, lakini ndani ya ubongo huo imo saa inayoendelea kuhesabu muda hata mdudu huyo akifungiwa gizani wiki nzima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa baiolojia, mwanafunzi wa chuo kikuu au mtafiti anayeanza, na unaeleza jinsi ya kuipima saa hiyo kwa vifaa vinavyopatikana, jinsi ya kuyasoma matokeo, na jinsi ya kutoka kwenye tabia ya mdudu hadi kwenye jeni na nyuroni zinazoiendesha. Suala moja litajitokeza katika kila hatua, nalo ni kutofautisha mdundo anaouzalisha mnyama mwenyewe na mdundo anaopewa na mazingira. Nzi anayechangamka taa inapowaka na kutulia inapozimwa anaweza kuwa anauitikia mwanga tu, na kuwa na saa lisiwe jambo lililothibitishwa hata kidogo.

Kinachopimwa

Mwaka 1971, katika taasisi ya Caltech huko California, Ronald Konopka na Seymour Benzer walitangaza kwamba wamepata aina tatu za nzi ambao saa zao zilikuwa zimeharibika kwa namna tatu tofauti. Aina ya kwanza ilikuwa na mzunguko wa saa 19 hivi, ya pili wa saa 28 hivi, na ya tatu haikuwa na mzunguko wowote. Watafiti hao walikuwa wamewalisha nzi kemikali inayobadilisha jeni, kisha wakauchambua uzao wao kwa subira kubwa, na mabadiliko yote matatu yakaonekana kuangukia mahali pamoja kwenye kromosomu ya X. Jeni hiyo ilipewa jina la period. Mwaka 1984 ilitengwa katika maabara za Jeffrey Hall na Michael Rosbash wa Chuo Kikuu cha Brandeis, na katika maabara ya Michael Young wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, na watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Utaratibu wenyewe unastahili kueleweka kabla ya kugusa kifaa chochote, kwa sababu ndio utakaokusaidia kutambua matokeo yaliyoharibika. Protini mbili zinazoitwa CLOCK na CYCLE huwasha jeni za period na timeless. Protini zinazotokana na jeni hizo, yaani PER na TIM, hujikusanya polepole nje ya kiini cha seli, huku protini nyingine iitwayo DOUBLETIME ikiichelewesha PER kwa kuiwekea alama za kuvunjwa. Usiku unapoendelea, PER na TIM huingia pamoja ndani ya kiini na kuzizuia CLOCK na CYCLE, yaani zinazima jeni zilezile zilizozizalisha. Kisha nazo huvunjwa, kizuizi huondoka, na mzunguko huanza upya baada ya saa 24 hivi. Mwanga huingilia kati kupitia protini iitwayo CRYPTOCHROME, ambayo ikipigwa na mwanga wa buluu husababisha TIM kuvunjwa. Hivyo ndivyo alfajiri inavyoirekebisha saa ya nzi kila siku.

Binadamu ana jeni za ukoo huohuo. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba katika familia moja ya watu wanaolala mapema mno jioni na kuamka kabla ya alfajiri, tatizo lilikuwa badiliko katika jeni ya PER2. Anayeipima saa ya nzi, kwa hiyo, anapima kitu ambacho mwili wake mwenyewe unacho.

Hatua ya kwanza: kupata nzi

Afrika ndiko nyumbani kwa mdudu huyu. Ushahidi wa jeni unaelekeza asili yake kusini mwa Jangwa la Sahara, hasa maeneo ya Zambia na Zimbabwe, ambako jamii za porini zimekutwa zikiishi kwenye matunda ya mng'ongo. Kwa maana hiyo, mtafiti wa Afrika Mashariki anaweza kukusanya nzi wenye utofauti wa kijeni mkubwa kuliko wa wale waliofugwa miaka mingi katika maabara za Ulaya na Marekani, na mimi naiona kuwa faida ambayo bado haijatumiwa vya kutosha.

Ili kuwanasa, weka kipande cha ndizi iliyoiva sana na chembe chache za hamira ndani ya chupa, funika mdomo kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli yenye tundu dogo chini, na uiache karibu na jiko au genge la matunda hadi kesho yake. Usiwachanganye hawa na nzi wakubwa wanaotoboa maembe shambani. Nzi wa maembe, kama Bactrocera dorsalis aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, ni wa familia nyingine, ana ukubwa unaokaribia wa nzi wa nyumbani, na hutaga mayai ndani ya tunda ambalo bado zima. Nzi wetu ni mdogo, ana macho mekundu na mwili wa rangi ya kahawia isiyokolea, naye hufuata tunda lililokwisha kuchacha.

Chini ya lenzi ya kukuzia, dume hutambulika kwa ncha nyeusi ya tumbo na kwa vichana vidogo vyeusi kwenye miguu ya mbele, ilhali jike ni mkubwa kidogo na tumbo lake huishia kwa ncha iliyochongoka yenye mistari. Ugumu uko katika kumtofautisha na ndugu yake, Drosophila simulans, ambaye majike yake karibu hayatofautiki kwa macho. Suluhisho ni kumweka kila jike aliyenaswa peke yake katika chupa yake, kumwacha azae, na kuyachunguza maumbile ya uzazi ya wanawe wa kiume kwa hadubini. Kila chupa itakuwa ukoo mmoja uliotokana na mama mmoja. Andika mahali na tarehe uliyomnasa, na uufuge ukoo huo vizazi viwili au vitatu kabla ya jaribio ili athari za maisha ya nje zipungue.

Wanaohitaji nzi wenye jeni maalumu huagiza kutoka benki za nzi, na iliyo kubwa kuliko zote iko Bloomington, Indiana. Nzi wenye badiliko la period waliotengenezwa kwa kemikali hawakuingizwa jeni za kigeni, lakini kusafirisha wadudu hai kuvuka mpaka bado kunahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea na mifugo, na nzi walioingizwa jeni huhitaji pia kibali cha usalama wa kibayolojia. Shughulikia vibali hivyo kabla ya kuagiza, kwa maana kifurushi cha nzi kikikwama forodhani siku nyingi hufika na maiti. Njia nyingine ni kuomba ukoo kutoka maabara iliyo karibu. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, katika tawi lake la Ishaka magharibi mwa Uganda, kimewahi kuwa mwenyeji wa mafunzo ya utafiti kwa nzi wa matunda yaliyowakusanya wanasayansi kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Hatua ya pili: chakula

Kuna vyakula viwili, na havipaswi kuchanganywa. Cha kwanza ni cha kufugia. Kwa kila lita moja ya maji tumia gramu 8 hadi 10 za agari, gramu 70 hivi za unga wa mahindi, gramu 60 hivi za sukari au molasi, na gramu 15 hadi 20 za hamira kavu. Chemsha huku ukikoroga kama anayepika uji hadi unga uive, kisha acha upoe hadi nyuzi 60 hivi za Selsiasi ndipo uongeze dawa za kuzuia ukungu, yaani mililita 10 za nipagini iliyoyeyushwa katika ethanoli kwa asilimia 10, pamoja na mililita 4 hivi za asidi ya propioniki. Asidi hiyo huunguza na harufu yake hukaba, kwa hiyo vaa glavu na ufanyie kazi penye hewa. Ethanoli nayo isikaribie moto. Mimina kina cha sentimita mbili katika kila chupa, funika kwa kitambaa safi hadi ikauke, kisha ziba kwa pamba.

Kwa nyuzi 25, yai huwa nzi kamili ndani ya siku 10 hivi. Kwa nyuzi 18 muda huo karibu unaongezeka maradufu. Hamishia nzi kwenye chupa mpya kila wiki mbili, na daima weka chupa mbili za kila ukoo katika sehemu tofauti, kwa kuwa ukungu au utitiri ukiingia katika chupa moja hupita hadi nyingine haraka.

Chakula cha pili ni cha jaribio, nacho ni gramu 50 za sukari na gramu 20 za agari kwa lita moja ya maji, bila hamira. Kinamlisha nzi mzima kwa zaidi ya wiki, na kwa kuwa hakina protini, mabuu hawawezi kukua humo.

Hatua ya tatu: kasha la mwanga na joto

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, na mara nyingi bila mtafiti kutambua. Nzi huirekebisha saa yake kwa mwanga, na pia kwa joto. Mzunguko wa joto wenye tofauti ya nyuzi tatu tu kati ya mchana na usiku unatosha kumwongoza. Ukiwaweka nzi gizani katika chumba cha kawaida mjini Dodoma au Nakuru, ambamo joto hupanda mchana na kushuka usiku, utaona mdundo mzuri wa saa 24 kamili, na utadhani umeipima saa ya ndani ilhali umelipima jua kupitia ukuta.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu, nacho kikae ndani ya kasha karibu na nzi, kikiandika kila dakika tano. Kama kabati la kudhibiti joto lipo, litumie kwa nyuzi 25. Kama halipo, kasha la povu lenye kuta nene, la aina inayobebea samaki au chanjo, hufanya kazi vizuri likiwekwa katika chumba cha ndani kisicho na ukuta unaopigwa na jua. Jaza sehemu ya kasha kwa chupa za maji zilizofungwa, kwa sababu maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole, na hivyo hupunguza mabadiliko. Ukiweza, ongeza kipasha joto kidogo chenye kidhibiti na useti joto lililo juu kidogo ya kiwango cha juu cha chumba. Katika Mombasa au Dar es Salaam huenda ukalazimika kufanya kazi kwa nyuzi 28 au 29, na si vibaya, maana urefu wa mzunguko wa saa haubadiliki sana kati ya nyuzi 18 na 29. Tabia hiyo ya saa kutojali joto ilionyeshwa na Colin Pittendrigh mwaka 1954 kwa kutumia Drosophila pseudoobscura. Tegemea tu kwamba kwa joto hilo usingizi wa mchana utakuwa mrefu zaidi na shughuli za jioni zitachelewa. La muhimu ni joto lisitikisike, na kumbukumbu zake ziambatanishwe na matokeo ili msomaji ajionee.

Mwanga utoke kwenye taa za LED nyeupe, na kigeuza umeme chake kikae nje ya kasha, kwa kuwa nacho hutoa joto. Taa iwashwe na kuzimwa na taima kwa saa 12 mchana na saa 12 usiku. Huo ndio urefu wa siku ambao nzi wa Nairobi au Kampala huuona karibu mwaka mzima, na hata Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Ukipanga taa iwake saa 12 kamili asubuhi utapata urahisi mkubwa, kwani watafiti wa saa ya mwili huhesabu muda kuanzia taa inapowaka, yaani saa sifuri. Saa 3 asubuhi kwa hesabu yetu ya Kiswahili ni saa ya tatu kwa hesabu yao, na saa 3 usiku ni saa ya 15, kwa kuwa usiku unaongeza 12. Katika kompyuta, inayosema 9:00 kwa saa 3 asubuhi, utaondoa 6. Andika kanuni hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara, kwa maana kuchanganya hesabu hizo kumeharibu michoro mingi.

Jaribu kama kasha linavuja mwanga kwa kuingiza kamera ya simu ndani inayorekodi video, kulifunga, na kulimulika kwa tochi kali kutoka nje. Mwanya wowote utakaoonekana uzibwe kwa utepe mweusi.

Umeme kukatika ni jambo la kupangiwa mapema. Endesha taa kwa betri ya volti 12 inayochajiwa muda wote, ili umeme ukikatika mchana nzi wasipate usiku wa bandia. Kinasa kumbukumbu nacho kiwe na betri ya akiba, na kama unatumia kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, fahamu kwamba nyingi hazina saa yenye betri yake. Zikizimika na kuwaka bila intaneti huendelea kuandika muda usio sahihi, na kumbukumbu za siku nzima husogea. Kijisaa cha ziada cha kupachika huuzwa kwa bei ndogo na hulimaliza tatizo hilo.

Hatua ya nne: kurekodi mwendo

Njia iliyozoeleka duniani ni vifaa vya kampuni ya TriKinetics ya Massachusetts, ambavyo huchukua mirija 32 ya kioo yenye kipenyo cha milimita 5 na urefu wa milimita 65. Kila mrija una nzi mmoja, na kila anapopita katikati hukata mwali wa infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na kuhesabiwa. Ni vifaa imara, na data zake ni nyepesi. Kasoro yake ni kwamba nzi anayezunguka upande mmoja wa mrija bila kufika katikati huhesabiwa kuwa ametulia.

Njia ya pili ni kamera. Kamera isiyo na kichujio cha infraredi, ikisaidiwa na taa za infraredi za nanomita 850 au 940 ambazo nzi hawazioni, huwarekodi mchana na usiku bila kuwasumbua, na programu huwafuatilia mmoja mmoja. Mfumo unaoitwa Ethoscope, uliotengenezwa Imperial College London na kutangazwa mwaka 2017, unajengwa kwa Raspberry Pi na vipande vilivyochapwa kwa printa ya 3D, na michoro yake yote imewekwa wazi. Kwa maabara inayoanza naupendelea huu, kwa sababu kipuri kikiharibika fundi wa karibu anaweza kukitengeneza, na kwa sababu picha hukuruhusu kuhakiki kwa macho yako kile ambacho programu inadai.

Asiye na chochote kati ya hivyo bado ana njia, tena ndiyo waliyoanza nayo Konopka na Benzer. Nzi hutoka kwenye ganda la pupa, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi mzima, hasa katika saa zinazozunguka alfajiri. Chukua chupa zenye pupa wengi waliolelewa katika mwanga wa saa 12 kwa 12, waondoe nzi wazima wote, kisha kila baada ya saa mbili hesabu na uondoe waliotoka, kwa siku tatu mfululizo, darasa likigawana zamu za usiku na mchana. Nusu ya chupa zibaki katika mzunguko wa mwanga, na nusu ziwe gizani daima zikihudumiwa kwa mwanga hafifu mwekundu. Chupa za gizani zikiendelea kutoa nzi kwa mawimbi karibu na muda ambao ungekuwa alfajiri, darasa litakuwa limeiona saa ya ndani bila kifaa chochote cha kurekodi mwendo. Kumbuka tu kwamba kila nzi hutoka mara moja maishani, kwa hiyo huo ni mdundo wa kundi zima.

Hatua ya tano: kupakia na kuendesha

Tumia madume wenye umri wa siku tatu hadi tano. Majike hutaga mayai ndani ya mrija, na buu anayetambaa huweza kuhesabiwa kama mama yake. Ingiza chakula cha jaribio upande mmoja wa mrija kwa kuuchovya kikiwa bado cha moto, acha kigande, kisha ziba upande huo kwa nta ya mshumaa ili kisikauke. Walaze nzi kwa kuiweka chupa yao kavu ndani ya barafu kwa dakika chache hadi waanguke, na uwahamishe mmoja mmoja kwa brashi laini ya rangi. Upande wa pili ziba kwa pamba inayopitisha hewa. Mrija ulale, usisimame, hadi nzi azinduke, la sivyo atanata kwenye chakula na kufa.

Kila kundi liwe na nzi wasiopungua 16, na 32 ni bora zaidi. Makundi unayotaka kuyalinganisha yawe katika kasha moja kwa wakati mmoja, kwa sababu kulinganisha nzi wa mwezi huu na wa mwezi uliopita ni kulinganisha pia chakula, joto na mikono iliyowapakia.

Siku ya kwanza haihesabiwi, kwani nzi bado wanapona baridi. Fuata na siku tatu au nne za mwanga na giza ili saa zote zilingane, kisha siku ya mwisho taa ikizimwa jioni isiwashwe tena kwa siku saba au zaidi. Katika kipindi hicho kasha lisifunguliwe. Kama ni lazima, tumia taa hafifu nyekundu, na simu iachwe nje ya chumba, maana CRYPTOCHROME huhisi hata mwanga dhaifu wa buluu, na kumulika mara moja usiku kunatosha kuisogeza saa.

Kusogeza huko kunaweza kufanywa kuwa jaribio lenyewe, nami nalipendekeza kwa kila anayefaulu jaribio la msingi. Usiku wa mwisho kabla ya giza la kudumu, kundi moja limulikwe dakika kumi saa 3 usiku, la pili saa 9 usiku, na la tatu libebwe vivyo hivyo bila kumulikwa. Kundi la kwanza litachelewa siku zinazofuata, na la pili litawahi. Sababu ni kwamba mapema usiku seli bado ina ujumbe mwingi wa kutengeneza TIM mpya, kwa hiyo TIM iliyovunjwa hurudishwa na saa hupoteza muda, ilhali karibu na alfajiri ujumbe huo umekwisha, na kuvunjika kwa TIM huisukuma saa mbele kuelekea mwanzo wa mzunguko.

Hatua ya sita: kusoma matokeo

Kwanza ondoa waliokufa. Nzi asiyeonyesha mwendo wowote katika saa 24 za mwisho afutwe kwenye hesabu, na idadi ya waliofutwa iandikwe. Kisha jumlisha mienendo katika vipande vya dakika 30 na uchore aktogramu, yaani chati ambayo kila mstari unaonyesha siku mbili zilizoungana na siku ya pili hurudiwa mwanzoni mwa mstari unaofuata. Programu ya bure iitwayo ActogramJ hufanya kazi hiyo pamoja na periodogramu ya kai-mraba, ambayo hutafuta urefu wa mzunguko unaoeleza data vizuri kuliko mingine. Ipe masafa ya kati ya saa 16 na 32.

Kabla ya namba, tazama kila chati kwa jicho. Nzi wa kawaida huwa na vilele viwili vya shughuli, kimoja karibu na alfajiri na kingine karibu na magharibi, na katikati yake kuna mapumziko marefu ya mchana. Chunguza kwa makini saa mbili au tatu kabla ya taa kubadilika. Nzi mwenye saa nzima huanza kuchangamka kabla ya taa kuwaka na kabla ya kuzimwa, kwa maana analitarajia badiliko. Nzi asiye na jeni ya period inayofanya kazi hushtuka taa inapowaka, na kwa mtazamo wa haraka utaona mdundo wa saa 24 uliokamilika, lakini hana kile kipando cha taratibu kinachotangulia. Ukimweka gizani mdundo wote hutoweka siku hiyohiyo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jaribio zima, na mwanafunzi akiiona kwenye data alizozikusanya mwenyewe ataielewa kuliko kwa maelezo yoyote.

Gizani, nzi wa kawaida atakuwa na mzunguko wa karibu saa 24, mara nyingi pungufu kidogo, kwa hiyo kilele chake kitasogea kushoto dakika chache kila siku. Kilele cha asubuhi hufifia na cha jioni hubaki. Ukiona nzi wako wote gizani wana mzunguko wa saa 24.0 bila kusogea hata kidogo, rudi kwenye kumbukumbu za joto kabla ya kufurahi.

Katika taarifa andika idadi ya nzi waliopakiwa, walionusurika, asilimia ya wenye mdundo, na wastani wa mzunguko pamoja na mtawanyiko wake. Kutoa wastani peke yake huficha nzi waliopoteza mdundo, na hao mara nyingi ndio wenye habari kubwa. Data hizohizo hutoa pia kipimo cha usingizi, kwani tangu mwaka 2000 imekubalika kwamba nzi aliyetulia dakika tano au zaidi amelala, kwa vile huwa mgumu kuamshwa, na akinyimwa usingizi huo hufidia baadaye.

Hatua ya saba: kutoka tabia hadi ubongo

Saa haiko mahali pamoja. Nyuroni za saa katika ubongo wa nzi zilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa 150 hivi, na kazi ya karibuni imeziongeza hadi 240 hivi. Zimegawana majukumu. Nyuroni ndogo za pembeni mwa ubongo zinazotoa peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, iitwayo PDF huendesha kilele cha asubuhi na kuzishikanisha nyingine gizani, ilhali kundi lililo juu yake huendesha kilele cha jioni. Nzi asiye na PDF hukosa matarajio ya asubuhi, kilele chake cha jioni huwahi, na baada ya siku chache gizani wengi wao hupoteza mdundo. Ukiweza kupata ukoo huo, uweke kwenye mirija pamoja na nzi wa kawaida, na utaisoma kazi ya nyuroni chache kwa kuiangalia chati ya mwendo.

Maabara zenye vibali vya nzi walioingizwa jeni hutumia mfumo wa GAL4 na UAS, uliotangazwa na Andrea Brand na Norbert Perrimon mwaka 1993. Ukoo mmoja huamua ni nyuroni zipi, wa pili huamua zifanyiwe nini, na watoto wao huwa na nyuroni hizo tu zilizonyamazishwa au kuamshwa. Usisahau kupima wazazi wote wawili kama makundi ya kulinganishia, kwa sababu kila ukoo una tabia zake.

Asiye na maabara ya namna hiyo ana kitu kingine mkononi. Mwezi Oktoba 2024 mradi wa FlyWire, wenye makao Chuo Kikuu cha Princeton, ulitangaza ramani kamili ya ubongo wa nzi jike mzima, yenye nyuroni 139,255 na miunganiko ya zaidi ya milioni 50, na ramani hiyo inafunguliwa bure kwenye intaneti kupitia ukurasa wake uitwao Codex. Tafuta humo nyuroni za saa kwa jina la kundi lake, chagua moja, na uorodheshe nyuroni zinazoipelekea ujumbe pamoja na zinazopokea kutoka kwake, ukianza na zenye miunganiko mingi. Fahamu kwamba ramani inaonyesha maungio ya sinapsi pekee, yaani mahali nyuroni moja inapoipelekea nyingine ujumbe, na PDF husambaa pia nje ya maungio hayo, kwa hiyo kutoonekana kwa njia si uthibitisho kwamba ujumbe haupiti. Kutoka kwenye orodha hiyo chagua nyuroni moja tu ambayo kunyamazishwa kwake kungebadilisha kilele cha jioni bila kugusa cha asubuhi, andika utabiri huo kwa namba na kwa saa, na uupeleke kwenye mirija.